Sukari Ilikwenda Wapi? Kusoma Asilimia ya Kilevi Kwenye Chupa ya Mvinyo

Chukua chupa mbili za mvinyo mtamu. Moja ni Moscato d'Asti ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, na lebo yake imeandikwa 5.5%. Nyingine ni Port ya bonde la mto Douro, Ureno, nayo imeandikwa 20%. Zote asili yake ni zabibu, zote zina sukari ya kumridhisha asiyependa uchachu, na mtu akionjeshwa harakaharaka anaweza kusema ni ndugu. Lakini kipimo kilekile cha Port kina kilevi karibu mara nne ya kile cha Moscato. Anayepima nguvu ya mvinyo kwa utamu wake ataumbuka, na kwenye sherehe zetu wengi hupima hivyohivyo: "Huu mtamu, hauna kitu." Huo mtamu unaweza kuwa na kila kitu.

Neno lenyewe nalo huchangia mkanganyiko. "Mvinyo" tulilipata kwa Wareno, "divai" likatufikia kutoka Kifaransa, na katika Kiswahili cha zamani cha pwani mvinyo uliweza kumaanisha pombe kali yoyote ya kupikwa kwa mvuke. Hapa mvinyo ni juisi ya tunda iliyochachuka, na pasipotajwa tunda lingine, tunda hilo ni zabibu.

Gramu 17

Hamira hula sukari iliyomo kwenye juisi na kutoa vitu vitatu: kilevi, hewa ya kaboni dayoksaidi, na joto. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Kanuni za Umoja wa Ulaya hutumia 16.83, kwa mvinyo mwekundu unaochachushwa kwenye matangi ya wazi wengine huhesabu 18, kwa kuwa joto hupeperusha kilevi kidogo. Kwa kazi ya kila siku 17 inatosha. Juisi yenye gramu 204 kwa lita, sukari yote ikiliwa, itatoa 12%. Yenye gramu 238 itatoa 14%.

Shambani sukari hupimwa kwa Briksi: Briksi moja ni gramu moja ya sukari katika gramu 100 za juisi. Ukitaka makisio ya haraka, zidisha Briksi kwa 0.55 hadi 0.6. Zabibu za Briksi 20 zitakupa 11 hadi 12%, za Briksi 24 zitakupa kati ya 13 na 14 na kitu. Tofauti kati ya nambari hizo mbili mara nyingi ni wiki chache tu za kuachia mashada juani.

Ndiyo maana lebo ni kama ramani ya hali ya hewa. Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, penye mvua na upepo wa bahari, kwa kawaida huwa kati ya 8.5 na 11.5%. Bordeaux nyekundu sasa hivi ni 13 hadi 14.5, ingawa katika miaka ya 1980 chupa nyingi zilikuwa 12 au 12.5, jua limeongezeka, na wakulima nao siku hizi hungoja zabibu ziive zaidi. Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, hairuhusiwi kushuka chini ya 13. Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa, hufika 15 bila kujitahidi, na Zinfandel ya California huvuka hapo mara kwa mara. Amarone ya Veneto, Italia, hupanda hadi 15 au 16 kwa njia nyingine: zabibu zikishavunwa hutandazwa kwenye vichanja miezi mitatu hadi minne mpaka zipoteze karibu theluthi ya uzito wake. Kinachopotea ni maji, sukari inabaki, kwa hiyo kila lita ya juisi inakuwa na sukari nyingi zaidi ya kugeuzwa.

Kwenye rafu za Dar es Salaam na Nairobi mvinyo mwingi ni wa Afrika Kusini. Chenin Blanc kavu, yaani isiyobaki na sukari, huwa 12.5 hadi 13.5, Pinotage 13.5 hadi 14.5, na ule mwekundu mtamu unaopendwa sana kwenye harusi huwa 7.5 hadi 8.5. Hapo utamu na wepesi vimekutana, na nadhani ndipo imani ya "mtamu hauna kitu" ilipopata nguvu. Imani hiyo ni kweli kwa chupa ile, basi.

Dodoma ni habari ya peke yake. Iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeulaza, kwa mkasi wa kupogolea, na hivyo mzabibu mmoja huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya Februari na Machi, na yale ya Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huangukia mvua. Tunda hunywa maji, sukari hupungua makali, ukungu hushambulia mashada, na mkulima anashawishika kuvuna mapema kabla hayajaoza. Mavuno ya kiangazi huwa na sukari zaidi na ngozi safi zaidi. Kwa hiyo aina ileile, tuseme Makutupora nyekundu, inaweza kuingia kiwandani ikiwa na Briksi 18 msimu mmoja na 22 msimu mwingine, na hiyo ni tofauti ya kilevi cha kutoka 10 hivi hadi zaidi ya 12. Anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kungoja Briksi mbili zaidi, maana tunda likikauka kidogo juani uzito nao hupungua. Bei ikifuata Briksi, mvinyo utabadilika kabla hata kiwanda hakijanunua mtambo mpya.

Sukari isipotosha kuna njia ya kuiongeza. Jean-Antoine Chaptal, mkemia wa Kifaransa aliyekuwa pia waziri wa Napoleon, aliitetea kwa maandishi mwaka 1801, na hadi leo kutia sukari kwenye juisi kabla haijachachuka kunaitwa kwa jina lake. Nchi za baridi huruhusu kwa kiwango maalumu. Italia, Australia na California haziruhusu sukari ya kawaida. Kumbuka kwamba sukari hiyo haitiwi ili mvinyo uwe mtamu. Huliwa yote na kuwa kilevi.

Nani aliisimamisha hamira?

Hamira ikiachwa huru kwenye juisi ya kawaida, itakula sukari yote, na mvinyo utakuwa mkavu. Mvinyo ukiwa mtamu, jua kwamba kuna kitu kiliikatiza hamira njiani, au sukari ilikuwa nyingi kuliko uwezo wake, au mtengenezaji aliongeza juisi tamu mwishoni. Njia iliyotumika ndiyo inayoamua nambari ya kwenye lebo.

Moscato husimamishwa kwa baridi. Kilevi kikifika 5% na kitu, tangi hupozwa hadi karibu na nyuzi sifuri, hamira inazubaa, kisha mvinyo hupitishwa kwenye chujio laini la kuiondoa kabisa. Sukari inayobaki mara nyingi huzidi gramu 100 kwa lita. Riesling ya daraja la Kabinett kutoka bonde la Mosel, Ujerumani, hufuata njia hiyohiyo na kuishia 8 hadi 9%. Ukiona Riesling ya bonde hilohilo imeandikwa 12, karibu hakika ni kavu: hamira iliachwa imalize. Kwa mvinyo mweupe wa Mosel, kilevi kidogo ni dalili nzuri ya utamu.

Port husimamishwa kwa sumu, na sumu yenyewe ni kilevi. Kwa desturi, lita 435 za juisi iliyochachuka nusu humiminiwa lita 115 za pombe kali ya zabibu yenye 77%, na pipa la lita 550 linajaa. Fanya hesabu: juisi ikiwa imefika 6%, basi 435 mara 6 ni 2,610, 115 mara 77 ni 8,855, jumla 11,465, gawanya kwa 550, unapata 20.8%. Hamira inakufa papo hapo, na sukari iliyokuwa haijaliwa inabaki ilivyo. Ndiyo siri ya chupa ya pili ya mwanzo wa makala haya: ni tamu na ni kali kwa sababu ileile moja.

Hapa pana kanuni ya kumsaidia mnunuzi yeyote. Hamira nyingi za mvinyo hushindwa kuishi kilevi kikifika 15 au 16%. Chache sugu hujikokota hadi 18. Lebo ikikuambia zaidi ya hapo, pombe kali imeongezwa. Sherry ya Jerez, Hispania, huonyesha jinsi tofauti ndogo inavyofanya kazi kubwa: Fino huongezwa hadi 15% tu, kwa sababu hapo utando wa hamira unaoelea juu ya mvinyo ndani ya pipa bado unaweza kuishi na kuukinga na hewa. Oloroso huongezwa hadi 17 au zaidi, utando unakufa, hewa inaingia, na mvinyo unakuwa wa kahawia wenye harufu ya njugu. Asilimia mbili za kilevi zimetenganisha aina mbili zisizofanana hata kidogo. Madeira, Marsala na vermuti nazo ziko kwenye kundi hili la kuongezewa, na zimezoeleka kunywewa kwa glasi ndogo za mililita 75 hivi. Kumimina Port kwenye glasi ya mvinyo wa kawaida na kuijaza ni kumkosea mgeni.

Shampeni ni kisa kifupi zaidi. Mvinyo wa msingi huwa kama 11%. Chupani huongezwa gramu 24 za sukari kwa lita pamoja na hamira, chupa inafungwa. Gawanya 24 kwa 17: kilevi kimepanda kwa 1.4, na hewa isiyo na pa kutokea imekuwa shinikizo la karibu angahewa sita. Ndiyo maana chupa zake ni nene, na ndiyo maana Shampeni nyingi huandikwa 12 au 12.5.

Kupima nyumbani, na yanayoharibika

Anayetengeneza mvinyo wa rozela, nanasi au ndizi anahitaji haidromita, mrija wa kioo unaoelea na kuonyesha juisi ilivyo nzito kuliko maji. Pima kabla ya kutia hamira, pima tena uchachukaji ukiisha, toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131.25. Ulianza na 1.090 ukamaliza na 0.995: tofauti ni 0.095, kilevi ni 12.5%. Usiposoma kipimo cha mwanzo hutaweza kukirudisha. Mvinyo uliokamilika hausomeki kwa haidromita peke yake, kwa kuwa kilevi huifanya izame wakati sukari iliyobaki huiinua, na huwezi kujua kipi kimefanya nini.

Makosa mengine ni madogo lakini hujilimbikiza. Haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi joto 20. Juisi ya nyuzi 30, joto la kawaida la jikoni pwani, husomeka pungufu kwa 0.0025, sawa na theluthi moja ya asilimia ya kilevi. Ukipima mara zote mbili kwa joto lilelile kosa hujifuta. Mapovu hung'ang'ania mrija na kuuinua, kwa hiyo uzungushe kwa vidole kabla ya kusoma. Na usidanganywe na rifraktomita, chombo kinachosoma Briksi kwa mpindo wa mwanga, baada ya hamira kufanya kazi: kilevi hupinda mwanga, hata mvinyo mkavu kabisa wa 12% utakuonyesha Briksi saba hivi ambazo hazipo.

Viwandani hutumia ebuliomita, chombo kinachochemsha mvinyo na kusoma joto lake la kuchemka. Usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 na mvinyo wa 12% kwa takribani 91. Lakini Dodoma maji yenyewe huchemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Asiyeanza kwa kuchemsha maji safi siku hiyohiyo ili kuupata mwanzo wake, atasoma kilevi ambacho hakimo.

Sasa rozela. Maua yake yana rangi na uchachu, sukari karibu hakuna, maana yake kilevi chote kitatoka kwenye mfuko wa sukari. Kwa karibu 13% unahitaji gramu 220 kwa kila lita ya mchanganyiko uliokamilika. Kosa la kawaida ni kupima lita 10 za maji ya rozela kisha kuyeyusha humo kilo 2.2. Kilo moja ya sukari iliyoyeyuka huchukua nafasi ya lita 0.62, kwa hiyo umepata lita 11.4 zenye gramu 194 kila moja, na kilevi kitaishia 11.4%. Yeyusha sukari kwanza kwenye lita sita au saba, ndipo ujazilize hadi 10.

Nanasi lina sukari yake, kama gramu 130 kwa lita ya juisi halisi, sawa na 7.6% bila kuongeza chochote. Gramu 75 zaidi zitakufikisha 12. Juisi ya paketi iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza haitachachuka hata ukiibembeleza, kwa kuwa dawa hiyo imewekwa mahususi kuizuia hamira. Soma viambato kabla ya kununua.

Uchachukaji ukisimama katikati, chunguza mambo matatu. Joto: likizidi nyuzi 35 hamira huchoka na kufa, na ndoo yenyewe huwa na joto kuliko chumba, kwa hiyo iweke ndani ya beseni la maji. Chakula: maji ya rozela na sukari hayana naitrojeni ya kutosha, hamira inahitaji virutubisho vyake. Aina: hamira ya mkate hukata tamaa kwenye 10 hadi 12% na haitulii vizuri chini ya chombo, ya mvinyo huenda 14 na kuendelea, na bei yake si kubwa ukilinganisha na ndoo nzima ya mvinyo wenye utamu usioutaka.

Usifunge chupani mvinyo ambao bado una sukari na hamira hai. Gramu nne tu za sukari kwa lita huongeza shinikizo la karibu angahewa moja, na chupa ya kawaida haikutengenezwa kubeba sita kama ya Shampeni. Vioo vilivyopasuka stoo vimeshawakata watu. Ngoja haidromita isome nambari ileile siku tatu mfululizo, na ukitaka kuutia utamu baadaye, kwanza uzuie hamira kwa dawa za mvinyo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi.

Tembo la mnazi halingoji hesabu zote hizi. Hamira na bakteria wa porini huanza kazi ndani ya kibuyu huko huko juu ya mti. Likishushwa asubuhi ni tembo tamu lenye kilevi kidogo. Jioni limekuwa kali, kama asilimia nne au tano. Baada ya siku mbili au tatu linaelekea kuwa siki. Hakuna lebo inayoweza kuandikwa juu ya kitu kinachobadilika kila saa. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: robo ya maji kwenye tembo la 4% inakuachia 3, bila ulimi kushtuka sana kama sukari bado ipo.

Nambari ikishafika kwenye glasi

Asilimia peke yake haitoshi. Ujazo nao una neno. Zidisha mililita kwa asilimia, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.789, unapata gramu za kilevi safi. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa 13% ina gramu 15.4. Moscato kwa glasi hiyohiyo, 6.5. Port ya mililita 75, 11.8. Bia ya mililita 500 yenye 5% ina gramu 19.7, zaidi ya glasi ile ya mvinyo. Ini la mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa haiharakishi. Huko Uingereza "yuniti" ni gramu 8, Marekani kipimo kimoja ni gramu 14, hivyo ndugu wawili walio ughaibuni wakihesabiana "vipimo" kwa simu hawazungumzii kitu kimoja.

Lebo yenyewe ina nafasi ya kuteleza. Ulaya huruhusu tofauti ya nusu asilimia kwa mvinyo wa kawaida. Marekani, kwa mvinyo usiozidi 14%, huruhusu asilimia 1.5 juu au chini, kwa hiyo chupa iliyoandikwa 12.5 inaweza kuwa na 14 kihalali.

Kwa wasiokunywa kwa sababu ya dini, ujauzito au dawa, nambari muhimu ni 0.5. Katika Umoja wa Ulaya mvinyo ulioondolewa kilevi unaruhusiwa kubaki na hadi 0.5%. Ulichachuka kwanza, kisha kilevi kikatolewa kwa mvuke wa joto la chini au kwa kuchujwa kwa shinikizo. Juisi ya zabibu ambayo haijawahi kuchachuka ni kitu kingine, na anayetaka sifuri ya kweli aitafute hiyo. Jikoni vilevile tahadhari: kwa vipimo vinavyotumiwa na idara ya kilimo ya Marekani, mchuzi uliotiwa mvinyo ukichemka taratibu kwa nusu saa hubaki na 35% ya kilevi kilichotiwa, kwa saa moja 25%, na baada ya saa mbili na nusu bado 5%. Ukimpikia asiyetumia kilevi, mwambie kabla hajaonja, au tia maji ya ukwaju.

Kwa Wakatoliki, kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka divai ya altare iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Rozela na ndizi, hata zikifika 13% safi kabisa, haziingii altareni.

Watu huamini pia kwamba mvinyo ukikaa miaka huongezeka nguvu. Chupa iliyozibwa vizuri, isiyo na hamira hai, itabaki na asilimia ileile baada ya miaka 20. Kinachobadilika ni harufu, rangi na ulaini. Chupa iliyofunguliwa ndiyo hubadilika: hewa huingia, bakteria wa siki huanza kukila kilevi, na nguvu hushuka badala ya kupanda. Irudishie kizibo, iweke kwenye friji hata kama ni nyekundu, na uimalize ndani ya siku tatu hadi tano. Port nyekundu changa, kwa sababu ya ile 20% yake, itakusubiri wiki mbili.